Mu bahari vilevile pumuzi inaisha

Kila mchimbaji anajua hatari hii. Hewa iliyokosa oksijeni haina rangi, haina harufu. Mtu anasikia tu magoti yanalegea, kiisha anaanguka. Sisi wa sindika tunazungumza juu ya jambo hili kila mara, lakini leo, wapenzi wasomaji, tunatoka kidogo Katanga twende mu bahari. Kule kuna viumbe vinakufa kifo hicho hicho, na vyenyewe havina ngazi ya kupandia.

Wafaransa wanasema corail. Watu wa Mombasa na Zanzibar wanasema matumbawe. Ukiyaona utafikiri ni mawe, lakini jiwe ni nyumba tu. Wenye nyumba ni wanyama wadogo laini, maelfu na maelfu, kila mmoja na kinywa chake. Ndani ya mwili wao wanakaa wapangaji: mwani mdogo ambao macho hayawezi kuuona. Mchana, jua likiwaka, mwani unalipa kodi, unatengeneza chakula na oksijeni. Usiku hautengenezi kitu, lakini wote mu nyumba wanaendelea kupumua. Njo maana kabla ya kupambazuka hewa ya pale inafika chini kabisa.

Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe linafukuza mwani, linabaki jeupe sawa chokaa. Likikaa vile muda mrefu, linakufa na njaa. Mwaka 1998 ilitokea mu bahari nyingi za dunia, hata pwani ya Kenya na Tanzania.

Habari ya joto imeandikwa sana. Ile ya hewa, kidogo tu. Na hizo mbili ni ndugu: weka chupa ya soda pa jua, kiisha uifungue, utaona gaz inavyotoka mbio. Maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Tangu 1960 bahari za dunia zimepoteza oksijeni karibu 2 kwa mia. Inaonekana kidogo, lakini haikupungua sawasawa kila pahali.

Tuchukue Panama. Kule Bocas del Toro kuna ghuba inaitwa Almirante, imefungwa na visiwa, maji yake hayatembei sana, na kandokando kuna mashamba makubwa ya ndizi na miji. Mvua inateremsha mbolea na uchafu wa vyoo. Mwani wa majini unashiba, unazaana, unakufa, unazama. Vijidudu vinavyouozesha vinamaliza oksijeni yote ya chini. Mwezi wa 9 mwaka 2010, wakati maji yalikuwa ya moto na yametulia, matumbawe mengi yakafa pale, pamoja na wanyama wengine wa chini.

Waliozamia waliona kitu ambacho mchimbaji ataelewa mbio: kama mstari. Juu ya mstari matumbawe yalikuwa mazima. Chini yake, mauti. Kama ingekuwa joto peke yake, hata yale ya juu, penye jua, yangeumia.

Kiisha wataalamu wakatia aina mbili mu maji ya kukosa hewa. Moja haikumaliza juma. Nyingine ikavumilia. Kumbe hata matumbawe hayalingani pumuzi, na pahali hewa inarudia kukatika, aina ngumu njo zitabaki, zingine zitatoweka.

Hapa tuseme neno letu. Hatupendi wakubwa wanaosema kila mara « ni climat » na kunyamaza. Climat ni kweli, moshi wa dunia yote umepasha bahari moto, na wavuvi wa Almirante peke yao hawawezi kuupoza. Lakini mbolea na maji ya vyoo vinatoka pale pale, na mwenye kuvimwaga anajulikana. Mifereji na mitambo ya kusafisha maji inajengwa na watu, hapana na mvua.

Mwezi wa 9 mwaka 2017 hewa ilikatika tena mu ghuba ile ile. Mara hii watafiti walikuwa pale na vyombo vyao, wakapima oksijeni ya chini wakati matumbawe yalikuwa yanakufa.