Mama ya Musa Alipaka Lami

Somo letu: Kutoka 2:1-10.

Mama ya Musa alificha mtoto wake miezi mitatu. Aliposhindwa kumficha zaidi, alitengeneza kisafina, akakipaka lami ili maji yasiingie, ndipo akakiweka kando ya mto. Alikuwa mtu wa imani, Waebrania 11:23 inashuhudia. Lakini lami alipaka.

Ninasema hivi sababu kuna wazazi kati yetu, tokea Nyabiondo mpaka Mubi, wanaosema: "Mtoto wangu ameombewa, sindano ni ya nini?" Mimi ninaombea watoto kila Jumapili na sitaacha. Lakini tukumbuke mwaka 2019 na 2020: surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Congo yetu, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Ndani ya kambi, ambako jamaa mbili zinalala chini ya shitingi moja, mtoto mmoja akikohoa wote wanapata. Anayepona anaweza kubaki kipofu.

Mtoto akizaliwa, apewe chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Juma la 6, la 10 na la 14 arudi kwa zile za kifaduro, pepopunda, nimonia na kuhara. Miezi 9, surua na homa ya manjano. Hazilipwi.

Wengi wakishamaliza ya miezi 9 wanaacha pia kupeleka mtoto kwenye kilo. Hapo tunakosea sana. Utapiamlo unamvizia mtoto wakati anapoachishwa ziwa, na mama anayemuona kila siku hatambui anapungua. Muganga anamvika kamba ya rangi mkononi: ikisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, mtoto yuko katika hatari hata kama anacheka.

Wamama wakimbizi wananiuliza: "Pasta, fishi ilibaki nyumbani tulipokimbia. Muganga atanigombeza." Mama, nenda tu, umwambie ukweli. Haanzi upya, anaendelea pale mtoto alipofikia. Kama hakuna anayekumbuka, kurudilia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto. Mafua kidogo siyo sababu ya kubaki nyumbani, na joto la siku moja ao mbili kisha sindano ni la kawaida. Lakini likizidi, ao mtoto akikataa kunyonya, mrudishe haraka.

Muganga akitangaza siku, tufike siku ile. Chanjo inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na barabara zetu mnazijua. Boksi ya barafu haingoji aliyekwenda kwanza sokoni.

Wababa, hata Yosefu alipanda pamoja na Maria kumpeleka mtoto hekaluni, Luka 2:22. Kubeba mtoto mpaka kwenye kituo cha afya siyo haya.

Mama asiye na fishi na anayeogopa kwenda peke yake, anione kisha ibada. Mke wangu atamsindikiza.