Uchumi wa Kati Unapima Nini? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza Pato la Taifa na namna linavyokokotolewa. Leo tuchukue istilahi ambayo tangu Julai 2020 haijakauka midomoni mwa Watanzania: uchumi wa kati. Mikutanoni imegeuka kuwa jibu la kila swali. Mwananchi akiuliza habari ya maji au madawati, huambiwa kwamba nchi imeshaingia uchumi wa kati. Naye kwa uchungu hujibu kwamba huo uchumi wa kati ni uongo, kwa kuwa hali ya nyumbani kwake haijabadilika. Wote wawili wanakitwika kipimo hiki mzigo usio wake, na mabishano yanakwisha bila kumfaa yeyote.

Uchumi wa kati ni jina la kundi. Benki ya Dunia huzigawa nchi katika makundi manne: kipato cha chini, kipato cha kati cha chini, kipato cha kati cha juu na kipato cha juu. Kila tarehe 1 Julai hutoa orodha mpya, na katika kuipanga hutazama kitu kimoja tu, yaani wastani wa pato ghafi la taifa kwa kila mtu, kwa dola za Marekani. Shule hazimo ndani ya hesabu hiyo, wala zahanati, wala viwanda, wala ajira.

Pato ghafi linatofautiana kidogo na lile Pato la Taifa tulilolieleza. Faida ya mgodi wa dhahabu inayokwenda kwa wenye hisa walioko nje huhesabiwa katika Pato la Taifa, kwa sababu dhahabu imechimbwa hapa, lakini huondolewa katika pato ghafi, kwa sababu si mapato ya wakazi wa nchi. Jumla inayopatikana hubadilishwa kuwa dola kwa kiwango kilichosawazishwa kwa miaka mitatu, ili sarafu ikiyumba ghafla nchi isirushwe juu au chini kwa mwaka mmoja. Kisha hugawanywa kwa idadi ya watu wote, kichanga na mzee wakiwamo.

Kwa Tanzania hesabu hiyo ilitoa dola 1,020 mwaka 2018 na dola 1,080 mwaka 2019. Kiwango cha kuingia kundi la pili kilikuwa dola 1,036, hivyo nchi ikapita kwa dola 44. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hiyo ni kama shilingi laki moja kwa mtu kwa mwaka mzima. Ni hatua ya kweli, na Rais John Magufuli alikuwa na haki ya kuwapongeza wananchi, maana Dira ya Taifa ilikuwa imelenga mwaka 2025. Lakini kundi hilo lilianzia dola 1,036 na kufika dola 4,045. Aliye mlangoni na aliye ukutani mwa nyuma wote husemwa wamo chumba kimoja.

Hapa ndipo pa kutua. Dola 1,080 zilikuwa karibu shilingi milioni mbili na nusu kwa mwaka, yaani zaidi ya laki mbili kwa mwezi kwa kila kichwa. Familia ya watu watano ingekuwa na zaidi ya milioni moja kila mwezi. Familia za namna hiyo ni ngapi katika kijiji chako? Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, iliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Watu 26 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari huo. Dar es Salaam walikuwa 8 katika 100. Rukwa walikuwa 45. Tarakimu hizi hazipingani na zile za Benki ya Dunia. Wastani huchanganya mapato ya mfanyabiashara wa Kariakoo na ya mkulima wa mahindi wa Sumbawanga, ukatoa namba moja isiyo ya yeyote kati yao.

Majirani nao wana la kutufunza. Septemba 2014 Kenya ilibadili mwaka wa kizio cha takwimu zake kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa takriban robo. Shughuli zilizokuwapo siku zote sasa zilihesabiwa vizuri zaidi. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliiorodhesha katika kipato cha kati cha chini. Uganda ilikutana na jambo jingine. Juni 2022 Rais Yoweri Museveni alitangaza kuwa nchi imefikia hadhi hiyo kwa dola 1,046 kwa kila mtu; mwezi uliofuata Benki ilikipandisha kiwango cha kuingia hadi dola 1,086, na Uganda ikabaki kundi la chini. Kiwango hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei duniani, kwa hiyo nchi inayosimama mahali pamoja hurudi nyuma. Mauritius ilipanda kundi la juu kabisa siku ileile Tanzania ilipopanda, na mwaka uliofuata, baada ya korona kuua utalii, ikashushwa. Zambia pia imewahi kushuka.

Wapo wanaohofu kwamba kwa kupanda tumejifungia mlango wa mikopo nafuu. Si hivyo moja kwa moja. Mfuko wa Benki ya Dunia unaotoa mikopo hiyo una kigezo chake cha kipato, na pia hupima kama nchi inaweza kukopa kwa masharti ya kibiashara. Tanzania imeendelea kuutumia.

Tena kuna orodha nyingine, ya Umoja wa Mataifa, ya nchi zenye maendeleo duni, iliyoanza mwaka 1971. Hii hupima kipato pamoja na afya na elimu ya watu, na jinsi uchumi unavyoweza kutikiswa na majanga au misukosuko ya masoko. Tanzania imo tangu mwanzo, na kuingia uchumi wa kati hakukuiondoa. Kenya haijawahi kuwamo, hata ilipokuwa kundi la kipato cha chini. Botswana ilitoka mwaka 1994. Anayetaka kujua nchi imefika wapi azisome orodha zote mbili kwa pamoja.

Hata Dira ya 2025 yenyewe haikuishia kwenye dola. Iliweka pia maisha bora, amani na umoja, utawala bora, na jamii iliyoelimika. Hayo manne hayana tarehe ya kutangazwa kila Julai, na kwa hiyo yameachwa nyuma katika mazungumzo yetu. Dira mpya ya 2050 inataja dola 7,000 kwa kila mtu, na bila shaka namba hiyo ndiyo itakayoimbwa. Wiki ijayo tutaeleza kipimo cha Gini, kinachoonyesha pato hilo linavyogawanyika kati ya kaya na kaya.