Mizani ya mkono wa mama

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, vichochoro vya Kuze, hapa Mombasa, huanza kunukia hiliki. Mwenye saumu akipita huhimiza mwendo. Huku vileja, huku visheti, huku mkate wa mayai. Lakini nyumbani kwetu Idi haikuwa Idi bila mkate wa sinia.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na kitabu cha mapishi wala mizani. Alikuwa na kikombe cha bati na mkono wake. Mchele aliuroweka usiku kucha, akauchuja, akausaga kwa tui la kasimile pamoja na hamira na hiliki mpaka ukalainika, hauna chenga. Kisha aliufunika uumuke, na ulipoumuka ndipo akatia sukari.

Sisi watoto tukirudi chuoni tuligawiwa kazi. Dada zangu walikuna nazi na kukamua tui kwa kifumbu. Mimi, mwanamume pekee, nilipewa makaa. Mkate huu hupikwa kwa moto wa chini na wa juu. Sufuria huwekwa juu ya makaa haba, na uso ukishatoboka vitundu hufunikwa bati lililopangwa makaa mekundu. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kitako na ndani ungali uji. Wa juu ukipungua, uso hubaki mweupe kama wa mgonjwa.

Mama alitutoka mwaka juzi, mwezi wa Rajabu. Dada yangu mmoja alikwisha kumtangulia, mwingine yuko Maskati. Ramadhani ilipokaribia kwisha, binti yangu akaniuliza, "Baba, Idi hii tununue keki dukani?" Sikumjibu papo hapo, maana sauti ilinikwama. Baadaye nikamwambia, "Lete simu yako, mwanangu, uandike."

Nikamtajia: vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 cha sukari, kikombe kimoja na nusu cha tui, kijiko kidogo cha hamira. Akaandika yote, akafuata yote. Tukangoja mpaka tukachoka, unga haukuinuka hata kidogo. Tukaupika vivyo hivyo, ukatoka mgumu kama kandambili. Binti yangu akauangalia, akasema, "Bibi amekwenda na mkate wake."

Neno hilo lilininyima usingizi. Mimi ni mtunzi. Mshororo wa shairi naupima mizani 8 kwa 8, na ukipungua mmoja sikio langu hushtuka. Hapa ilipungua mizani gani? Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mama hakupata kulisema, bali alilitenda tu: kabla ya kutia hamira, alichovya kidole cha mwisho ndani ya tui. Likimchoma, alingoja. Binti yangu alikuwa amelipasha tui hata likafuka moshi. Hamira ina uhai, na joto kali huiua.

Usiku wa kuamkia Idi, takbira zikivuma misikitini, tukaanza upya. Binti alichovya kidole, akangoja, akachovya tena. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nikashika koleo la makaa kama enzi za utoto. Unga ukaumuka hata ukataka kumwagika. Bati lilipofunuliwa, uso ulikuwa wa rangi ya dhahabu, nasi sote wawili tukanyamaza.

Asubuhi, kabla ya sala, sahani zikapelekwa kwa majirani kama ada. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, shoga yake mama, akamega, akatafuna polepole, kisha akamwambia binti yangu, "Mkono wa bibi yako haukuzikwa."

Msomaji mpenzi, kama mzazi wako yu hai, usimwulize vipimo peke yake ukaridhika. Ingia jikoni, ukae kitako, utazame vidole vyake. Keki za dukani zipo na zitakuwapo, lakini wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.