Asiyekuwepo na Lake Halipo: Nani Aliwalilia Wafu wa Mwele?

Msafiri atokaye Diani kwenda Msambweni huipita njia ya kuingilia Gazi bila ya kugeuza shingo. Hudhani kwamba mle ndani mna mikoko, minazi na madau ya wavuvi tu. Lakini mna pia nyumba ya mawe iliyokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, nyumba ambayo baadaye ilipata kutumika kama shule. Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi. Nyumba hiyo ni ukumbusho wa vita vya ndugu kwa ndugu, na vita hivyo vingali vinatudai jambo.

Chanzo chake kilikuwa ni msiba. Mwaka 1837 Seyyid Said alipoitwaa Mombasa, Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui, alikamatwa pamoja na wakubwa wa ukoo wake, wakapelekwa uhamishoni wasirejee. Waliosalia walitawanyika: wengine Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi. Mbaruk alikuwa mwana wa huyo Rashid aliyepotezwa.

Mwezi Februari 1895, Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alifariki. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilimsimika mwanawe. Binamu ya kijana huyo, jina lake Mubarak, alikuwa mkubwa wake kwa umri na alidai kuwa haki ni yake. Yeye na nduguye Aziz walishika silaha, na walipofurushwa walikimbilia Gazi. Mbaruk, baada ya kusitasita, akawapokea. Ugomvi wa urithi ukageuka vita vya pwani nzima. Wahenga walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Julai mwaka huohuo Serikali ya Uingereza ilichukua utawala kutoka kwa kampuni, na tarehe 17 Agosti majeshi ya Admirali Rawson yaliivunja ngome ya Mbaruk iliyokuwa Mwele, bara ya Gazi. Mapigano yaliendelea hadi Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Sasa tujiulize: ni nani aliyeandika habari hizo? Tangu mwaka 1892 Unguja ilikuwa na gazeti la Kiingereza lililokuwa karibu sana na wakubwa wa serikali. Balozi Arthur Hardinge alipeleka taarifa zake London, na mwaka 1896 zikawekwa mbele ya Bunge la huko. Katika taarifa za namna hiyo afisa aliyeuawa hutajwa kwa jina na cheo chake, lakini aliyeuawa upande wa pili huwa ni sehemu ya hesabu tu. Waingereza waliopigana huko walipewa nishani iliyochorwa neno “Mwele” ukingoni. Hivyo jina la mahali petu likavaliwa vifuani mwa wageni, ilhali waliozikwa hapo hawakupata hata jiwe la kuandikwa majina yao.

Kuna mfano wa ng'ambo unaofaa kupimwa na huu. Mwezi Julai 1863, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wao kwa wao, Samuel Wilkeson, mwandishi wa gazeti la New York Times, alifika Gettysburg kuripoti vita. Huko alimkuta mwanawe, Luteni Bayard Wilkeson, kijana wa miaka 19 wa kikosi cha mizinga, amekwisha kufa kwa jeraha la mguu. Baba aliandika ripoti yake karibu na maiti ya mwanawe. Hakuficha machozi wala hasira: aliilaumu amri iliyompeleka kijana mahali pasipofaa, na matabibu waliomwacha. Kwa ripoti ile, wasomaji walifahamu kwamba ushindi nao una matanga yake.

Hata hivyo, tusimtukuze Wilkeson kupita kiasi. Jicho lililojaa machozi humwona aliye wake, na kina baba wa upande wa pili walikuwa nao wakizika watoto. Ndiyo sababu shahidi mmoja hatoshi, hata akiwa mkweli.

Wala haifai kudhani kwamba Waswahili hawakuwa na waandishi wa vita. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa Mrima, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi vya miaka ya 1888 na 1889. Kalamu ilikuwepo na lugha ilikuwepo. Kwa hiyo haki aliyoitendea Pangani, sisi tunapaswa kuitendea Gazi na Mwele.

Tukifanya hivyo, tusije tukabadili uongo mmoja kwa mwingine. Mbaruk alipigana na wageni, lakini pia alimiliki watumwa, na Wadigo na Waduruma waliyaonja mashambulizi ya watu wake. Mtumwa aliyebebeshwa bunduki hakuulizwa ni binamu gani anastahili kurithi Takaungu. Mama yake naye alilia, nacho kilio hicho ndicho kilicho mbali zaidi na maandishi yote.

Basi ombi langu kwa walimu wa Kwale, Msambweni na Kinango ni hili. Mwanafunzi apewe kazi ya likizo: aende kwa babu na bibi, aulize ukoo wao ulikuwa wapi mwaka 1895, nani alikimbia, nani alikufa, nani hakurudi. Aandike kwa Kidigo au Kiduruma kama alivyoambiwa, kisha kwa Kiswahili. Aandike jina la msimulizi na la aliyemsimulia, wala asifute neno linaloiaibisha jamaa yake. Mwalimu azilinganishe habari hizo na taarifa za Hardinge mbele ya darasa zima.

Waliovishuhudia vita vile kwa macho wamekwisha kutangulia, nao waliosimuliwa na wajukuu wao wanapungua kila mwaka. Asiyekuwepo na lake halipo. Wafu wa Mwele hawawezi kuja kujitetea. Wanaoweza kuwapo kwa niaba yao ni hao walioketi madarasani leo.