Akirudi mikono mitupu, tutampokea?

Wapo wazee kwetu Pwani wasemao kwamba sinema ni mwalimu wa ufisadi. Siwapingi kwa kila sinema, lakini zipo ambazo mzazi angefaa azitazame kabla ya mwanawe.

Nilitembelea Meru, tunayoijua kwa miraa, na Embu, tunayoijua kwa muguka. Miji yote miwili imejaa vijana waliomaliza shule ambao macho yao yako barabara ya Nairobi. Huko Embu nilitazama pamoja na baadhi yao sinema ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga mwaka 2012. Inamhusu Mwas, kijana wa kijijini muuza DVD, anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Siku ile ile ya kufika huporwa kila kitu, kisha akatiwa ndani. Humo korokoroni hukutana na Oti, na kwa Oti huingia katika wizi wa vipuri vya magari. Mchana yumo jukwaani, usiku yumo na wezi. Na moyo wake nao huangukia kwa Amina, mwanamke wa Oti.

Ilipomalizika, nilidhani mabishano yatakuwa juu ya bastola na polisi. La! Kijana mmoja aliuliza, "Angerudi kwao mikono mitupu, nani angempokea?" Msichana aliyekaa nyuma akamjibu, "Mamake." Wengine wakacheka, yeye hakucheka.

Swali hilo si geni. Mwaka 1992 Anne Mungai alitoa Saikati, kisa cha binti wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Binamu yake humpeleka Nairobi kwa ahadi ya kazi, kumbe kazi yenyewe ni kuuza mwili kwa watalii. Saikati hukataa, akarudi kwao.

Wala si swali la Afrika peke yake. Slovenia, nchi ya Ulaya yenye watu kiasi cha milioni 2 tu, ilitoa Slovenka mwaka 2009, kazi ya Damjan Kozole. Aleksandra, mwanafunzi kutoka mji mdogo wa Krško, hujiuza kwa siri mjini Ljubljana ili alipie nyumba ya fahari, na babake hana habari.

Watoto hawa watatu hawakuondoka kwao wakiwa waovu. Walisukumwa na haja, tamaa au hofu, na kila mmoja alifika mahali pa kuchagua. Lakini sisi tuliobaki nyumbani nasi tunachagua. Tukisema kila siku kwamba mkono mtupu haulambwi, kijana husikia kwamba bila fedha asirudi. Akileta fedha, tunapokea, tunashukuru, hatuulizi.

Dini yetu imetufunza kuangalia chumo kabla ya kula. Basi tumuulize kijana fedha zatoka wapi, na siku atakayorudi bila kitu, tumfungulie mlango upesi zaidi kuliko siku atakayorudi na zawadi.