Mnara wa Simu Utakapoanza Kuona

Ukizima simu yako sasa hivi, mnara ulio karibu na hosteli unakupoteza. Hilo ndilo tulilozoea: mtandao unajua ulipo kwa sababu umebeba kifaa. Sasa kuna teknolojia inakuja ambayo itavunja mazoea hayo. Mnara utaweza kujua kwamba kuna mtu anapita chini yake, anaelekea wapi na kwa kasi gani, hata kama mtu huyo hajawahi kumiliki simu maishani mwake.

Hizi si habari za filamu. Mwaka 2023, ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia mawasiliano, kilitoa mwongozo wa mitandao ya kizazi cha sita, yaani 6G. Mwongozo ule umetaja aina sita za matumizi, na mojawapo ni kuunganisha mawasiliano na utambuzi wa mazingira. Kwa lugha ya mtaani: mnara uleule unaokupa bando uwe pia rada.

Inawezekanaje? Wimbi la redio likitoka kwenye antena haliendi kwenye simu yako peke yake. Linagonga ukuta, daladala, mwembe, mwili wa binadamu, na sehemu yake inarudi lilikotoka. Popo anaishi kwa ujanja huohuo: anatoa sauti, anasikiliza mwangwi, anajua mdudu yuko wapi. Muda ambao mwangwi unachukua kurudi unakupa umbali. Masafa yakirudi yamepanda au kushuka kidogo, unapata kasi. Hiyo ndiyo athari ya Doppler tuliyoisoma sekondari kwa mfano wa king'ora cha gari la wagonjwa.

Kwa kweli, rada na mawasiliano ni ndugu wa nyumba moja. Mwaka 1922, Taylor na Young wa jeshi la majini la Marekani walikuwa wanajaribu redio ng'ambo na ng'ambo ya mto Potomac, meli ikapita katikati na ishara ikavurugika. Tarehe 26 Februari 1935, Watson-Watt na Wilkins wa Uingereza walitaka kuonyesha kwamba ndege inaweza kugunduliwa kwa redio, lakini mtambo wa rada hawakuwa nao. Wakatumia mawimbi ya kituo cha matangazo cha BBC cha Daventry. Wakatega vipokezi shambani, ndege ya jeshi ikapita, na mwangwi wake ukaonekana kwa umbali wa maili 8 hivi. Mfumo wa rada ulioilinda Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili ulianzia kwenye jaribio lile. Baadaye ndugu hao walitengana, kila mmoja na masafa yake na vifaa vyake.

Kinachowarudisha pamoja ni ufinyu wa nafasi. Masafa mazuri yamejaa, simu zinazidi kupanda juu kutafuta upana, na huko juu zinakutana na rada, kama zile za magari zinazotumia gigahezi 76 hadi 81. Upana wenyewe ndio unaoamua rada inaona kwa makini kiasi gani. Chukua kasi ya mwanga, gawanya kwa mara mbili ya upana wa bendi. Megahezi 20 zinakupa mita 7.5, yaani mtu aliyesimama nyuma ya bajaji anaonekana kitu kimoja na bajaji yenyewe. Megahezi 100, ambazo 5G inaweza kuzitumia kwenye bendi ya gigahezi 3.5, zinakupa mita 1.5. Megahezi 400 zinakushusha hadi sentimita 37.5. Hapo sasa tunaongelea ukubwa wa mtu.

Sehemu ninayoipenda mimi ni hii. Utadhani data zako, zile video na meseji, zitaichanganya rada, kwa sababu ishara inabadilika kila wakati bila mpangilio. Lakini nani aliyezituma? Si mnara wenyewe! Basi unachukua kilichorudi, unakigawanya kwa kilichotumwa, data zinajikata, na kinachobaki ni alama za mazingira tu. Sturm na Wiesbeck wa Karlsruhe, Ujerumani, waliifafanua njia hii vizuri mwaka 2011, na hisabati yake ni ileile ya Fourier inayotutoa jasho darasani.

Ugumu upo, tena wa kutosha. Rada inapenda ishara inayotabirika, wakati ishara inayotabirika kabisa haibebi habari yoyote mpya. Kila kinachoongezwa upande mmoja kinaweza kupunguza mwingine. Halafu kuna umbali: ukiuzidisha mara mbili, ishara ya kwenda tu inabaki robo, lakini mwangwi, unaokwenda na kurudi, unabaki sehemu moja ya 16. Na mnara unatakiwa kuusikia mwangwi huo dhaifu huku wenyewe unapiga kelele. Ni sawa na kumsikiliza mtu ananong'ona wakati wewe unaita konda. Ndiyo maana wengine wanapendekeza mnara mmoja utume, mwingine usikilize.

Faida zake hazibishaniwi: kugundua droni karibu na uwanja wa ndege, kupanga taa za makutano bila kamera, kumtambua mzee aliyeanguka ndani peke yake. Mwaka 2013, Katabi na Adib wa MIT walionyesha kwamba mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kutambua mtu anayetembea nyuma ya ukuta. Miaka miwili baadaye kundi lao likapima pumzi na mapigo ya moyo kwa redio, bila kumgusa mtu.

Nyuma ya ukuta, jamani. Hapa ndipo wenzetu wa sheria wanapotakiwa kuingia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria za aina hii huanza na mtu anayeweza kutambulika. Atakayeuza mitambo atakwambia mwangwi hauna jina. Mimi sikubaliani naye. Mnara huohuo unaijua laini yako, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Kulinganisha mwangwi unaotembea na simu inayotembea njia ileile si kazi ngumu kwa kompyuta. Na aliyeacha simu chumbani hana mahali pa kubonyeza "nakataa".

Kuna njia ya kiufundi. Mnara unaweza kuhesabu watu palepale, ukatuma namba tu, na mwangwi wenyewe ukafutwa bila kuondoka kwenye mtambo. Ila ni lazima iandikwe kwenye viwango vya 6G, ambavyo vinatayarishwa sasa hivi, wakati mitandao yenyewe inalengwa kuanza mnamo 2030. Mtu aliye mwaka wa kwanza leo atakuwa kazini minara hiyo ikisimamishwa, pengine ndani ya kampuni ya simu, pengine kwa mdhibiti.