Mauaji Yaliyotangazwa Kabla

Tarehe 7 Novemba 2007, kijana wa miaka 18 aliweka video kwenye YouTube akitangaza mauaji katika shule yake mwenyewe. Muda mfupi baadaye akaingia shuleni na bastola. Hapo Jokela, mji mdogo kusini mwa Finland, wakafa wanafunzi 6, mwalimu mkuu na muuguzi wa shule. Muuaji akajipiga risasi.

Finland ilipigwa na butwaa. Nchi hiyo ilikuwa ikisifiwa duniani kote kwa ubora wa shule zake. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kijana huyo alionewa na wenzake kwa miaka mingi, na kwamba mtandaoni alikuwa amepata watu wa nchi mbalimbali waliowatukuza vijana wawili walioua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine, Marekani, Aprili 1999. Shuleni alidhihakiwa, mtandaoni alisikilizwa.

Kilichofuata kinauma zaidi. Mnamo Septemba 2008, polisi wa mji wa Kauhajoki walimwita mwanafunzi wa chuo cha ufundi mwenye miaka 22 na kumhoji kuhusu video alizoweka mtandaoni akifyatua bastola. Wakamwachia, na bastola wakamwachia pia. Kesho yake aliua watu 10 chuoni kwake. Sheria ya silaha ilikazwa baadaye, na tangu 2011 hapewi kibali cha bastola aliye chini ya miaka 20.

Kwa nini sifa za watu asiowajua zimvute kijana kiasi hicho? Sehemu ya jibu imo katika ubongo wake. Katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, wanasaikolojia Jason Chein na Laurence Steinberg waliwaweka vijana ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa mchezo wa kuendesha gari penye taa za barabarani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba vijana wa miaka 14 hadi 18 walithubutu hatari zaidi pale walipojua marafiki zao wanawatazama, na sehemu za ubongo zinazohusika na raha ya kupata tuzo zikachangamka. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Mtandao humpa kijana watazamaji mchana na usiku, na baadhi yao hushangilia damu.

Upande wa pili wa jibu ni kutengwa. Mwanasaikolojia Kipling Williams alibuni mchezo rahisi wa kompyuta ambamo wachezaji watatu hurushiana mpira, kisha wawili wanaacha kumpasia wa tatu. Mchezo ni wa dakika chache tu, lakini anayenyimwa mpira huumia kweli. Huko Barcelona, Clara Pretus na wenzake waliutumia kwa vijana 38 wenye asili ya Morocco, waliochaguliwa kwa kuwa walikuwa rahisi kuvutwa na itikadi kali. Utafiti huo wa 2018 ulionyesha kwamba baada ya kutengwa mchezoni, hata mambo ambayo awali hawakuyaona matakatifu yaligusa sehemu ileile ya ubongo inayoshughulika na matakatifu, na utayari wao wa kuyapigania kwa nguvu ukapanda.

Hapa pana hatari ya kuwaonea watoto. Mamilioni huonewa shuleni, na wengi sana hutazama picha za kikatili, wala hawamgusi mtu. Kumshuku kila mtoto mpweke ni kumtenga mara ya pili. Cha kutazamwa ni pale upweke unapoungana na kuwatukuza wauaji, na maneno yanapogeuka maandalizi. Daktari wa akili Nina Lindberg na wenzake walichunguza vijana 77 wa Finland waliopelekwa hospitali kwa kutishia kufanya mauaji shuleni. Waliotishia mtandaoni walikuwa wameonewa zaidi, walikuwa na sonona zaidi, na wengi zaidi kati yao walikuwa wameanza kujiandaa kuliko waliotishia kwa mdomo.

Kwa hiyo ni kosa kusema kijana wa namna hii "alilipuka ghafla". Idara ya Marekani inayomlinda rais ilichunguza mashambulio 37 ya shuleni na kutoa ripoti mwaka 2002: katika zaidi ya robo tatu ya matukio hayo, kuna mtu aliyejua mapema, na mara nyingi alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu yake. Ripoti ya 2021 ya idara hiyohiyo iliangalia njama 67 zilizozimwa kabla ya damu kumwagika. Nyingi zilizimwa kwa sababu mpangaji alisema, na aliyesikia akapeleka habari.

Finland nayo iliamua kuwafundisha watoto wanaotazama wenzao wakionewa. Mpango wa KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku chini ya Christina Salmivalli na kuenezwa nchini kote kuanzia 2009, humfundisha mtoto asicheke mwenzake anapodhihakiwa, bali amwendee, akae naye. Majaribio yalionyesha kwamba uonevu ulipungua.

Mzazi na mwalimu, mwulizeni mtoto anaongea na nani mtandaoni, na mmsikilize bila kumpokonya simu mara tu anapofungua mdomo, maana akipokonywa leo, kesho hatasema. Mwambieni wazi kwamba kumtaja mwenzake anayepanga kuua si usaliti. Na shule imteue mtu mzima mmoja, watoto wote wamjue kwa jina, ambaye habari kama hiyo ikimfika ataifanyia kazi siku hiyohiyo.